Mwangukaji wa Daktari Almánzar

Daktari Leoncio Almánzar alikuwa mng'oa meno, na kwa miaka yote aliyoliongoza Shirikisho la Judo hakuna aliyewahi kumwona akimwangusha mtu, hata kwa bahati mbaya. Mkanda mweusi alikuwa nao. Ulimjia mezani mwaka aliochaguliwa kuwa rais, pamoja na funguo za ofisi na muhuri, na kila alipochaguliwa tena mkanda nao ulipanda daraja. Sasa alikuwa wa dan ya tano, kama madaraja hayo yanavyoitwa. Kilichomkosesha usingizi ni dan ya sita, kwa sababu mtu wa dan ya sita havai tena mweusi. Huvaa mkanda wa rangi nyekundu na nyeupe, mpana, unaoonekana tangu mlangoni, na katika kisiwa kizima aliyewahi kuuvaa ni mzee mmoja tu, naye alishafariki.

Isaura Familia aliyajua yote hayo, na alimdharau Daktari kwa dharau safi, isiyochanganywa na chuki. Chuki aliiona ni heshima, na heshima hakutaka kumpa. Yeye alizaliwa Batey Colorado, kambi ya wakata miwa, akajifunza judo ndani ya ghala la kiwanda cha sukari kilichofungwa, juu ya magodoro ya zamani ambayo Mwalimu Teófilo aliyashona pamoja kwa uzi wa kushonea magunia. Kunguni walikuwemo. Mabingwa nao walitoka humo, na Isaura alikuwa wa mwisho wao.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili na goti lililokwisha kupasuliwa. Mwezi Machi, kwenye mashindano ya mchujo, aliwashinda wanawake wote wa uzito wake na kustahili kwenda ng'ambo, mji wa Guayaquil, kwenye mashindano ya bara. Alikuwa hajawahi kufika huko hata mara moja. Kila mwaka kulitokea kitu: mara tiketi zimechelewa, mara jina limesahaulika. Na safari hii ilikuwa ya mwisho, kwa sababu goti lisingengoja mwaka mwingine.

Kisha Shirikisho likatangaza kwamba mchujo ule haukuwa halali, kwa kuwa mkeka haukukaguliwa. Mkeka ulikuwa mali ya Shirikisho, na mwenye kazi ya kuukagua ni Shirikisho hilohilo.

"Wanataka nini hawa watu?" Isaura alimwuliza Mwalimu Teófilo. Walikuwa gereji, ambako mzee alishinda mchana kutwa chini ya magari ya watu.

Miguu iliyokuwa ikichungulia chini ya gari haikusogea. "Nafasi ya ndege, mwanangu. Imebaki moja. Ama uende wewe, ama aende Doña Clarisa."

"Mke wa Daktari? Anaenda kupigana na nani?"

"Ni mshauri wa lishe wa timu."

"Doña Clarisa? Yule aliyemaliza sahani ya nyama ya nguruwe kwenye mazishi ya mama yake mwenyewe?"

"Nipe spana, na ufunge mdomo. Daktari anataka kukuona. Nenda, msikilize, usimjibu."

Daktari alimpokea kliniki, kama alivyowapokea wote, maana shughuli za Shirikisho aliziendesha palepale alipong'olea meno. Kwenye kiti alilala mwanamume mnene, pamba zimemjaa mdomoni, macho yamemtoka.

"Isaura, binti yangu, karibu," alisema Daktari bila kugeuka. "Usimjali huyu, ganzi bado haijaingia. Wajua kata, sivyo? Ile ya mirusho?"

Alijua. Kata ile ni judo ya kupangwa: wawili wanaingia mkekani, mmoja anarusha na mwenzake anarushwa, kila hatua inajulikana kabla. Hakuna mshindi. Anayerusha ndiye anayetazamwa, lakini kila mwanajudo anajua kwamba kata hubebwa na yule anayeanguka. Akiruka kwa wakati, mwenzake huonekana simba. Asiporuka, huonekana mtu anayevuta kabati.

"Wanakuja wakaguzi watatu kutoka bara," aliendelea Daktari. "Marais wenzangu, watu wazito. Nitawafanyia kata, nipewe dan ya sita. Nahitaji mwangukaji. Wa hapa mjini wanaanguka ovyo."

"Kata ile hufanywa na watoto wa mkanda wa kahawia, Daktari."

"Mimi napenda mambo ya msingi." Aligonga jino la yule mnene kwa chombo. Mnene aliguna. "Bado. Sasa, kuhusu Guayaquil. Mkeka ule tunaweza kuukagua wakati wowote, hata leo. Wewe niangukie vizuri, mimi nikusafirishe. Nani anapoteza hapo?"

Isaura alimtazama mwanamume aliyelala kwenye kiti, naye akamtazama Isaura, na wote wawili walikuwa hawawezi kusema kitu. Akakubali.

Wakafanya mazoezi kila alasiri katika ukumbi wa Shirikisho, chini ya picha ya yule mzee wa Kijapani aliyeianzisha judo, ambaye bahati yake ni kwamba picha haioni. Daktari alikuja akinukia karafuu, kitambi kimetangulia, vazi jeupe limepigwa pasi mpaka likawa na mistari. Mkanda hakujua kuufunga. Doña Digna, katibu wa Shirikisho, ndiye aliyemfungia, akipiga magoti mbele yake na kumzungushia kana kwamba anapima nguo ya harusi.

Kazi yote ilikuwa ya Isaura. Daktari aliposhika ukosi wa vazi lake, Isaura alihesabu moyoni, akaruka. Alipojikunja kumpitisha mgongoni, Isaura alijirusha mwenyewe juu ya mgongo ule laini na kutua upande wa pili kwa kishindo kizuri, mkono ukipiga mkeka. Mrusho wa tatu ulikuwa balaa zaidi, kwani hapo mrushaji hutakiwa kumbeba mwenzake mabegani kama gunia la sukari. Daktari asingeweza kubeba hata paka. Isaura alijifunza kumpanda, kukaza tumbo ili uzito wake usimlemee mwenye mabega, na kushuka upande wa pili akiwa kama ametupwa. Ilikuwa sarakasi ya hali ya juu, na hakuna aliyetakiwa kuiona.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomshinda ni kwamba, wiki mbili baadaye, Daktari alianza kuamini.

"Umeona?" alimwambia siku moja, akijifuta jasho. "Siri ni kiuno. Wewe kiuno chako kigumu, Isaura. Ndiyo maana mirusho yako inakwama. Nitazame mimi."

"Ndiyo, Daktari."

"Umeruka mbali sana leo. Nisamehe. Wakati mwingine sijui nguvu zangu."

Doña Digna alipiga makofi. Kanali Pichardo, mhazini, mwanajeshi mstaafu aliyepewa mkanda mweusi kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, akasema hajaona mrusho kama ule tangu azaliwe, na hapo angalau hakusema uongo. Walimvika Daktari kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho.

"Anadhani ananirusha," Isaura alimwambia Mwalimu Teófilo, akila ndizi za kuponda kwa salami ya kukaanga, kwa hasira, kijiko kikigonga sahani. "Kweli kabisa, anadhani. Jana kaniomba radhi kwa kuniumiza."

"Mwache adhani."

"Na wewe ungeweza?"

"Mimi nimeweza miaka yote hii." Mzee alimwongezea ndizi. "Kila kibali cha ukumbi, kila usajili, nimekwenda kumchekea. Ukienda Guayaquil nitasema vicheko vyangu vimelipa. Kula."

Siku ya wakaguzi ukumbi ulijaa. Watoto wa shule waliletwa kwa mabasi ili viti visionekane vitupu, na nje nguruwe mzima alikuwa akizungushwa juu ya makaa, harufu ikiingia kwa madirisha yote. Wakaguzi watatu walikaa kwenye viti vya kifahari. Wote walikuwa na mikanda ya nyekundu na nyeupe, wote walikuwa na vitambi, na ukiwatazama hivyo ungejua walivyoipata. Mmoja aliangalia dirisha la upande wa nguruwe kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mkeka.

Mwalimu Teófilo aliketi safu ya nyuma, shati lake jeupe la kanisani limefungwa vifungo mpaka shingoni. Yeye ndiye aliyeipanga mikeka ile tangu alfajiri, kwa kuwa Kanali alisema mgongo unamuuma.

Kabla ya kata, Daktari alitoa hotuba. Aliongea juu ya nidhamu, juu ya unyenyekevu hasa, kwa kirefu. Kisha akamshika Isaura bega na kumsogeza mbele.

"Binti huyu nilimwokota kwenye miwa," aliwaambia wakaguzi. "Hakuwa na mbele wala nyuma. Nilimfundisha mwenyewe, juu ya magodoro niliyoyashona kwa mikono hii. Leo mtaona kazi yangu."

Watu walipiga makofi. Isaura alitazama safu ya nyuma. Mwalimu Teófilo hakuwa amekasirika, laiti angekasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa akiitazama mikono yake, ameiweka juu ya magoti kwa adabu, vidole vyeusi kwa grisi isiyotoka, na midomo yake ilikuwa ikitabasamu. Alikuwa anamchekea Daktari hata pale, ambapo Daktari hakuwa akimtazama.

Wakainamiana, wakaanza.

Mrusho wa kwanza Isaura alianguka. Mrusho wa pili aliruka juu sana, miguu ikapaa, na mpigapicha wa Shirikisho akapata picha ya maisha yake. Watoto walisema "aaah." Daktari alivimba. Alimgeukia kwa mrusho wa tatu akiwa na uso wa mtu aliyezaliwa na nguvu, akashika mkono wake, akachuchumaa, akaweka bega chini ya kiuno chake, akangoja apandwe.

Isaura hakupanda.

Hakufanya lolote. Hakujikaza wala hakusukuma, alisimama tu, kama mtu anavyosimama akingoja mvua iishe. Daktari alivuta. Akavuta tena. Ukumbi ulikuwa kimya, kwa sababu kata hufanywa kimya, na katika kimya kile watu walisikia pumzi zake.

"Ruka," alinong'ona Daktari kutoka chini ya kwapa la Isaura.

"Nirushe, Daktari."

"Ruka, mwanaharamu wewe. Guayaquil."

"Nipo hapa. Sijakimbia. Nirushe."

Alijaribu. Kwa hilo lazima asifiwe, maana ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kujaribu. Shingo ilimvimba, masikio yakawa mekundu, na mkanda aliofungiwa na Doña Digna ukafunguka na kudondoka mkekani. Isaura hakusogea hata unyayo. Mtoto mmoja alicheka, mwalimu wake akamkanya, akacheka mwingine.

Hapo Daktari akafanya jambo ambalo asingelifanya mtu yeyote aliyewahi kusimama mkekani kwa haki. Alijinyoosha, akafunga vazi kwa mkono mmoja, akarudi hatua kadhaa, akainama kama inavyofanywa kata inapokwisha. Mirusho iliyobaki, ambayo ndiyo karibu kata yote, aliiacha hewani. Alimaliza pale alipokwama, akawageukia wakaguzi huku anatabasamu.

Wakaguzi walitazamana. Yule wa dirishani alinusa hewa. Kisha akasimama, akapiga makofi, na wenzake wakasimama, na baada yao ukumbi mzima. Mkanda wa nyekundu na nyeupe ulikuwa umeshaletwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha mahameli. Wakamfunga, wakamkumbatia, wakaenda kumla nguruwe.

"Umefanya nini?" Mwalimu Teófilo alimwuliza nje. Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza Isaura. "Umefanya nini, mwanangu? Ilibaki kidogo tu."

"Yale magodoro," alisema Isaura.

Wiki iliyofuata aliitwa kikaoni. Walikaa upande mmoja wa meza ndefu: Daktari katikati, Kanali kulia, Doña Digna kushoto akiwa na kalamu. Ukutani, chini ya yule mzee wa Kijapani, walikuwa wametundika picha mpya ndani ya fremu ya dhahabu. Ilikuwa ya mrusho wa pili. Isaura angani, kichwa chini, miguu juu. Daktari chini yake, imara kama sanamu ya uwanjani. Kando yake, shahada yenye sahihi za wakaguzi watatu: kata imefanywa kikamilifu, mirusho yote, bila dosari.

"Unashtakiwa kwa utovu wa nidhamu," alisema Kanali. "Adhabu yake ni kufungiwa. Guayaquil uisahau."

Isaura alikuja akijua hivyo. Alikuwa amelia tayari, nyumbani, akamaliza. Aliuliza kwa sababu tu alitaka kusikia wakisema.

"Utovu gani, Kanali?"

"Unaujua."

"Nakumbuka vibaya. Nisomeeni."

Doña Digna aliandika neno moja, akasita, akamtazama Daktari. "Niandikeje, Daktari?"

"Andika kwamba alikataa..." Daktari alikohoa. "Kwamba hakutoa ushirikiano."

"Ushirikiano wa kufanya nini?" aliuliza Doña Digna, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alitaka kuandika sawasawa.

"Wa kuanguka, mama!" alisema Kanali. "Alikataa kuanguka!"

Isaura aliona lile jambo likiwafikia mmoja baada ya mwingine, polepole, kwa sababu vichwani mwao hakuna kitu kilichowahi kufika haraka. Kanali aliitazama shahada. Doña Digna aliitazama picha. Daktari hakutazama popote.

"Andika, Doña Digna," alisema Isaura kwa upole. "Andika kwamba sikuanguka. Kwamba Daktari alinishika, akanivuta kwa nguvu zake zote, nami nikabaki nimesimama. Mimi nitatia sahihi. Tuwapelekee na wale wakaguzi, wajue walitia sahihi nini. Au kama nilianguka, basi semeni nilianguka, nami sina kosa."

Kalamu ya Doña Digna ililala mezani.

"Ulianguka," alisema Daktari mwishowe. Ilimtoka kama jino lisilotiwa ganzi. "Ulianguka vizuri sana. Kila mtu aliona."

"Na mkeka wa Machi?"

"Umekaguliwa."

Isaura alisimama. Kwa mazoea ya maisha yake yote aligeuka mlangoni na kuiinamia picha ya mzee wa Kijapani. Wale watatu, wakidhani wameinamiwa wao, waliitikia kwa vichwa.

Guayaquil alikwenda. Doña Clarisa naye alikwenda, bila shaka. Ilipatikana nafasi ya pili ya ndege, na aliyetolewa kuipisha ni Mwalimu Teófilo, aliyekuwa aende kama kocha. Mzee alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege kwa gari la mteja, akampa pakiti ya mkate wa muhogo na kumwambia aulinde mkono wa kulia. Hakulalamika. Alimchekea hata Daktari, aliyepita mbele yao na bendera, mkanda wa nyekundu na nyeupe umefungwa juu ya koti la suti.

Pambano la kwanza Isaura alishinda. La pili alipangiwa Mbrazili, msichana mwembamba mwenye nywele zilizosukwa, ambaye labda alikuwa hajazaliwa wakati Isaura anaanza kuanguka kwenye magodoro. Kwenye kiti cha kocha, kando ya mkeka, aliketi Daktari Almánzar, kwa kuwa kiti cha kocha huonekana kwenye televisheni.

Walipigana kwa muda mrefu. Goti lilivumilia, kisha likaanza kulalamika. Isaura aliliona pengo, akaingia, na lile pengo likazibika. Hakuelewa mara moja. Alihisi tu ukosi wake ukikamatwa kwa kweli, uzito wake ukichukuliwa kwa kweli, miguu ikiachana na ardhi bila yeye kuamua. Hakuruka. Hakuhesabu. Alikwenda juu na kushuka chali, mgongo wote mkekani, na mwamuzi akainua mkono kumaliza pambano.

Alilala pale kidogo akitazama taa. Machozi yalimjia, maana ndiyo ilikuwa imekwisha, miaka yote ile, ghala, kunguni, vicheko vya mzee. Lakini kifuani palikuwa na kitu kingine, chepesi, karibu na furaha. Akasimama, akajifunga mkanda vizuri, akamwinamia yule msichana mpaka chini kabisa.

Daktari alikuwa ameshanyanyuka kitini. Alimsubiri kwenye ukingo wa mkeka, ameudhika, mkono umeshika ule mkanda wake.

"Sasa hapo mbona umeanguka?"

"Nimerushwa, Daktari," alisema Isaura, akampita.